Binti anaandika sinema: nani atamwongoza?



Swali la juma hili tumeletewa na mama wa binti aliyepata diploma ya Serikali mwaka jana. Binti huyo anaandika senario za sinema, na tayari amejaza makaye matatu. Bwana mmoja anayejiita produkta akamwandikia kwa WhatsApp kwamba atamfundisha kazi: aje hoteli jioni, na abebe dola hamsini. Mama akakataa. Binti amenuna mpaka leo. Mama anatuuliza: je, nimemfungia mtoto njia?

Hapana, mama, hukumfungia. Lakini kukataa tu hakutoshi, maana binti anahitaji kweli mtu wa kumwongoza. Senario si hadithi kama zile tulizoandika shuleni. Ndani yake mnaingia tu kile ambacho jicho linaona na sikio linasikia. Akiandika "mama ana huzuni", kamera itapiga nini? Aandike kwamba mama anaosha sahani ile ile mara tatu. Tena ukurasa mmoja ni karibu dakika moja ya sinema, basi sinema ya saa moja na nusu ni kurasa 90 hivi. Mtu aliyezoea kazi akifika ukurasa wa 30 ataona kama bado hakuna kilichotokea. Mwandishi mwenyewe haoni, kwa sababu hadithi yote iko kichwani mwake.

Wenzetu waliwapata wapi wakubwa wa kazi? Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, alianza kusomea udaktari, kisha akaingia katika atelie za sinema. Kinshasa alifanya kazi na Djo Munga, yule wa Viva Riva!, katika nyumba yake ya Suka! Angalieni: hakupewa mashauri tu, alipewa kazi. Mwaka 2010 filme fupi za vijana wale ziliunganishwa kwa jina Congo in Four Acts. Moja, ambayo Hamadi alifanya pamoja na Divita Wa Lusala, inaonyesha wamama wa Kinshasa waliojifungua na kuzuiliwa kwenye materniti kwa kuwa hawajalipa. (Nani kati yetu haijui hadithi hiyo?) Mwaka 2017 akatoa Maman Colonelle. Ni kweli, hizo ni filme za mambo halisi, hazikubuniwa, lakini njia ya kujifunza ni ile ile.

Na wasichana? Machérie Ekwa Bahango wa Kinshasa alifanya kazi kwenye Félicité, filme ya Alain Gomis iliyopigwa mjini mwao. Halafu filme yake mwenyewe, Maki'la, ikaonyeshwa Berlin mwaka 2018. Hao wote wakubwa waliwakuta wakiwa kazini tayari.

Mtatuambia: Kinshasa ni mbali. Ni mbali kweli. Kampala ni karibu zaidi, na huko Mira Nair alianzisha Maisha mwaka 2004, vijana waandike senario chini ya watu wazoefu. Lakini aliwafikiria kwanza wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Kwa hiyo tuanze hapa Bunia. Anayeandika michezo ya redio au ya teatro anajua mazungumzo ya watu, na anajua mahali ambapo msikilizaji anachoka. Huyo anatosha kwa mwaka wa kwanza. Binti aulize Radio Candip, pale ISP, nani amezoea kazi hiyo.

Asiombe "nisaidie niwe mwandishi". Ombi hilo halina mwisho, na mtu mwenye kazi nyingi atanyamaza. Aeleze hadithi yake kwa mistari mitatu, aombe asomewe kurasa kumi, na aulize jambo moja: ulichokea ukurasa gani? Angojee majuma mawili, akumbushe mara moja tu. Akijibiwa, asahihishe na arudishe kurasa zile zilizosahihishwa, hata kama hakukubaliana na yote. Mkubwa akiona kazi yake haikupotea, ataomba mwenyewe kumi nyingine.

Kuhusu usalama hatutasema kwa upole. Kukutana ni mchana, kwenye ofisi au parokia, na dada yake akiwa karibu. Kaye yenyewe inabaki nyumbani. Anatoa kopi, yenye jina na tarehe kila ukurasa. Atelie inayojulikana inaweza kuomba ada na kutoa risiti. Lakini mtu anayedai dola kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja hana haja na senario.

Basi mama, mwambie binti achague kurasa kumi na azinakili kwa mwandiko safi. Azilete ofisini kwetu Jumatano asubuhi. Mmoja wetu atamsindikiza mpaka redio.