Tazama Ulipojikwaa

Wahenga walituasa tusitazame mahali tulipoangukia, bali tutazame tulipojikwaa. Wosia huo unawafaa sana vijana wetu wa mijini ambao siku hizi wanajifunza kuandika programu za kompyuta, wengine vyuoni, wengine nyumbani usiku baada ya kazi. Aghalabu kinachowavunja moyo si ugumu wa somo. Ni yale maneno makavu ambayo mashine huwatupia kila wanapokosea.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi kompyuta inavyosoma. Mtu akikuambia "vitabu kimepotea", utatabasamu, lakini utaelewa na utaanza kuvitafuta. Kompyuta haina uungwana huo. Kila programu hupitishwa kwanza katika sehemu iitwayo kichanganuzi, ambayo husoma neno baada ya neno na alama baada ya alama, ikihakikisha kwamba yote yamepangwa kwa mujibu wa sarufi ya lugha ya programu. Mabano yakifunguliwa, sharti yafungwe. Panapotakiwa mkato hapawekwi nukta. Kitu kimoja kikipungua, kazi husimama, na kichanganuzi hutoa taarifa ya kosa.

Taarifa hiyo ndiyo mada yetu leo, ndugu msomaji. Ni maneno machache tu, lakini yanaweza kumwokolea mfanyakazi siku nzima, au kumpotezea.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anatumia lugha ya Python, ambayo hufundishwa sana kwa wanaoanza. Anaandika orodha ya bidhaa za duka na bei zake. Katika mstari wa kwanza anafungua mabano na kuorodhesha unga na sukari. Katika mstari wa pili anaongeza mchele na sabuni, kisha anaweka mkato, lakini anasahau kufunga mabano. Katika mstari wa tatu anaanza jambo jingine kabisa, yaani kukokotoa jumla. Kwa miaka mingi Python ilimjibu mwanafunzi huyo kwamba mstari wa tatu una sarufi batili. Basi kijana huukodolea macho mstari wa tatu. Anaufuta, anauandika upya, anahesabu kila herufi. Mstari huo hauna kosa lolote! Hapo ndipo mashine ilipoangukia. Ilijikwaa penye yale mabano ya mstari wa kwanza.

Je, mashine ilisema uongo? La hasha. Kichanganuzi husoma kutoka mwanzo kwenda mwisho, na hakioni mbele. Mstari wa pili ulipomalizika kwa mkato, orodha ingeweza bado kuendelea. Ni katika mstari wa tatu tu ndipo kilipokutana na kitu kisichoweza kuwa na nafasi ndani ya orodha. Mwaka 1965, mtaalamu wa Marekani Donald Knuth alieleza namna ya kuunda vichanganuzi vya kusoma hivyo, ambavyo hugundua tatizo mara tu vinapofikia neno la kwanza lisilowezekana. Hiyo ni sifa kubwa. Hata hivyo, neno la kwanza lisilowezekana na mahali penye kosa ni vitu viwili tofauti.

Dawa yake haikuhitaji miujiza. Kichanganuzi hukumbuka kila bano lililofunguliwa na mstari wake. Kinapokwama, kabla ya kulaumu mstari kilichofika, huuliza kwanza kama kuna bano lililoachwa wazi huko nyuma. Toleo la Python namba 3.10, lililotoka mwaka 2021, ndilo lililoanza kufanya hivyo. Sasa linarudi hadi mstari wa kwanza na kusema waziwazi kwamba bano hili halikufungwa. Kosa ni lile lile, lakini mtu hulisahihisha papo hapo.

Historia ya jambo hili inatufundisha kwamba taarifa njema hutokana na kufikiria hali ya anayeipokea. Katika miaka ya 1960, programu nyingi ziliandikwa kwa kutoboa kadi. Mwandishi alikabidhi kadi zake kwenye chumba cha mashine, akasubiri saa kadhaa au hata hadi kesho yake kupata majibu. Kama mashine ingesimama penye kosa la kwanza tu, makosa kumi yangeweza kula siku kumi. Kwa hiyo vichanganuzi vilifundishwa kuruka sehemu iliyoharibika, kutafuta mahali salama kama mwisho wa sentensi, na kuendelea kusoma ili makosa mengi yaripotiwe kwa mkupuo mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Programu yao ya PL/C ya miaka ya 1970 ilijaribu yenyewe kurekebisha makosa na kuendelea na kazi.

Njia hiyo ilikuwa na hasara yake. Mashine ikikisia vibaya baada ya kosa moja, huzua makosa ya bandia. Mtu aliyesahau alama moja huletewa ukurasa mzima wa lawama, akadhani ameharibu kila kitu. Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea, hali ilibadilika. Programu ya Turbo Pascal ya mwaka 1983 ilisimama penye kosa la kwanza na kumrudisha mwandishi moja kwa moja mahali hapo kwenye skrini, kwa sababu kusahihisha na kujaribu tena kulichukua muda mfupi tu. Hakuna aliyekuwa na haja tena ya ile orodha ndefu.

Pamoja na hayo, tusidhani kwamba taarifa za sarufi huona kila kitu. Katika lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, nafasi kati ya maneno hazikuhesabiwa. Mtu aliyetaka kurudia kazi mara kumi aliandika moja na kumi, akizitenga kwa mkato. Akiweka nukta badala ya mkato, kichanganuzi hakikulalamika hata kidogo. Kilisoma maneno yale kama jina la kitu kilichopewa thamani ya moja nukta moja. Sarufi ilikuwa safi, lakini maana ilikuwa nyingine. Kwa hiyo, mashine kunyamaza si ushahidi kwamba kazi ni sahihi.

Kwa wanafunzi wetu kuna kikwazo kimoja zaidi. Taarifa za Python na za lugha nyingi za programu huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Kijana anayefikiri kwa Kiswahili hulazimika kufumbua mafumbo mawili kwa wakati mmoja, yaani fumbo la lugha na fumbo la kosa. Walimu hawana budi kuzifundisha taarifa hizo kama sehemu ya somo, na kuzifafanua kwa Kiswahili ubaoni, badala ya kumwachia mwanafunzi azing'amue peke yake.

Vijana wetu nao wana wajibu wao. Wasome taarifa ya kwanza kabla ya nyingine zote, kwani zinazofuata huenda ni watoto wake. Watazame mstari uliotajwa, kisha warudi nyuma mstari mmoja au miwili. Wasahihishe kosa moja, kisha wajaribu tena.

Nao wale ambao tayari wanaunda programu zinazotumiwa na wananchi wana deni. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajawahi kujaza fomu kwenye simu, ikakataa tarehe yake ya kuzaliwa bila kusema iliitaka iandikwe vipi? Taarifa njema hujibu maswali matatu: tatizo liko wapi, ni kitu gani kimekutwa hapo, na ni kitu gani kilitarajiwa. Neno "batili" peke yake halijibu hata swali moja kati ya hayo. Aliyelipokea ni mfanyakazi mwenye foleni nyuma yake, au mama anayemwandikisha mtoto shule. Anastahili kuonyeshwa jiwe lililomkwaza, ili aliondoe na kuendelea na safari yake.