Miaka 10 ya Mfuko wa Fidia: ajali ya mmoja, mzigo wa waajiri wote

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) umetimiza miaka 10 tangu uanze kazi Julai 2015, na tunaupongeza kwa moyo wote. Anayeuliza sababu na akumbuke tulikotoka. Chini ya sheria ya zamani, mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu kazini hakulipwa zaidi ya shilingi 108,000. Mtu amekatwa mkono na mashine, ana familia inayomtegemea, halafu anakabidhiwa pesa za kununulia mahitaji ya wiki chache. Na hata hizo ilibidi azifuate kwa mwajiri wake, akipigwa kalenda.

Sheria Na. 20 ya 2008 ilibadili msingi wenyewe. Waajiri wote wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, wanachangia kapu moja, na kapu hilo ndilo linalolipa. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Wajerumani waliianza njia hii mwaka 1884, sheria ilipowataka waajiri wa kila sekta waungane kugharamia ajali za viwandani mwao.

Chukua kiwanda kidogo cha mbao Mafinga, chenye vijana sita wanaolipwa laki tatu kila mmoja. Msumeno ukimpitia mmoja vidoleni, zamani mwenye kiwanda aliuza mashine amtibu, au alimtelekeza. Leo wajibu wake ni kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba. Matibabu yanalipiwa. Kijana anapojiuguza hupata asilimia 70 ya mshahara, yaani 210,000 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, anaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Ajali ikimuua, wategemezi wake ndio wanaolipwa.

Mwenye kiwanda naye hafilisiki, na wale watano waliobaki kesho yake wana kazi. Faida hii haisemwi vya kutosha. Fidia inapotoka mfukoni mwa mwajiri mmoja, ajali moja mbaya inaweza kufunga biashara nzima.

Gharama yake? Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara. Julai 2021 ikashuka hadi 0.6, na mwaka uliofuata 0.5, sawa na sekta ya umma. Kwa vijana wale sita ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Mwajiri anayesema hamudu kiasi hicho hasemi kweli.

Bado wako wengi wasioguswa na sherehe hizi. Kibarua anayepandisha zege ghorofa ya nne bila mkataba na dada wa kazi aliyeungua jikoni wana mwajiri, na sheria haibagui mwajiri mdogo na mkubwa. Lakini mara nyingi mwajiri huyo hajajisajili, na wao hawajui kama wana haki yoyote.

Tunauomba Mfuko uwafuate huko waliko: kwenye majengo yanayoinuka, machimboni na gereji za mitaani, badala ya kusubiri waajiri waje ofisini. Nawe mfanyakazi unayesoma hapa, muulize mwajiri wako leo kama amejisajili WCF. Ni haki yako kujua kabla ajali haijatokea.