Alama Mama na Rangi ya Chimbo
Anayechora ramani ya machimbo ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa programu ya Inkscape hana haja ya kubandika alama moja moja kama anayepanda maharagwe. Achore alama mama, aizalishie nakala kwa vitufe vya Alt na D. Akiigusa mama, nakala zote hubadilika papo hapo. Akitaka alama nyingine kabisa, ainakili hiyo mpya, achague nakala za zamani, kisha aziunganishe nayo kwa amri moja. Ila wepesi huu una mpaka: umbo ni urembo, rangi ni hukumu. Katika utaratibu wa kuthibitisha madini wa jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, ICGLR, kijani ni chimbo lililopita ukaguzi, manjano lililopewa onyo, nyekundu lililokataliwa, buluu ambalo bado halijakaguliwa. Na machimbo hayafanani: Rubaya yenye koltani, kule Masisi, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Bisie, kule Walikale, kampuni huchimba bati kwa mitambo. Kuyapaka yote rangi moja kwa mkupuo ni kudanganya kwa unadhifu. Basi ziwepo alama mama nne, moja kwa kila rangi, na kila chimbo lihamishwe peke yake, kwa ripoti yake.