UKULIMA: MAHINDI YENYE RANGI YA ZAMBARAU

Wakulima wengi wa Siaya, Vihiga na Kakamega wameona mahindi machanga yakidumaa, na kingo za majani yake zikigeuka rangi ya zambarau. Wengine husema ni jua, wengine mbegu mbaya. Mara nyingi sababu ni njaa ya fosforasi. (Baridi nayo huleta rangi hiyo, na ziko mbegu ambazo ndiyo asili yao, basi mtu asikimbilie dukani kabla ya kutazama vizuri.)

Tazameni ni majani yapi yaliyogeuka. Fosforasi ikipungua, mmea huitoa katika majani mazee ya chini na kuipeleka kwa yale machanga ya juu, kama mzazi ajinyimaye ili watoto wale. Kwa hiyo dalili huanza chini. Ikiwa nyingi, huwekwa akiba katika vifuko vidogo vya maji vilivyomo ndani ya chembe za majani. Na punje zikianza kujaa, sehemu kubwa huhamia humo.

Udongo wetu mwekundu haukukosa fosforasi kabisa. Chuma na alumini zilizomo huikamata, nayo haitembei kuufuata mzizi. Hauna budi mzizi kuiendea. Ndiyo maana mbolea ya DAP iliyotupwa ovyo juu ya shamba haifai kitu. Itieni katika shimo la kupandia, mkaifunike kwa udongo kidogo kabla ya kutia mbegu, isije ikaiunguza.

Asiye na fedha huambiwa akate majani ya titonia, yale maua machungu ya manjano yameayo kwenye nyua. Shauri hilo ni jema, lakini lina mpaka. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani hayo makavu yana fosforasi kiasi cha asilimia 0.37. Fanyeni hesabu: kilo 1,000 za majani makavu zina kilo 3.7 tu, hali mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una karibu kilo 10. Tena majani mabichi ni mazito mara kadhaa kuliko makavu, na nani atayabeba? Kwa kawaida ni mama na watoto. Wala titonia haizai fosforasi; huihamisha tu kutoka ilipoota.

Mimi naona yafaa zaidi kwa bustani ya sukuma wiki, ambayo bei yake sokoni hulipa kazi hiyo. Kwa eka ya mahindi, tieni mbolea kidogo shimoni, na majani kwa kadiri ya nguvu za nyumba.