Tunalala mzungu wa nne, halafu mnasema hatujitumi



Kuna watu wakiona vijana wanne kwenye chumba kimoja Manzese au Mbagala, jibu lao ni moja tu: hawa wavivu, wamezoea maisha ya geto. Haya, tupige hesabu.

Chukua chumba cha sh. 60,000 kwa mwezi. Kijana wa bodaboda ya mkataba, au anayeuza duka la mtu Kariakoo, akijibana hiyo hela anaipata. Shida mwenye nyumba hataki ya mwezi. Anataka ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Hapo ni 420,000 na hata godoro hujanunua. Nani kati yetu analipwa mshahara wa miezi sita kwa mkupuo?

Ndiyo maana tunachanga wanne, kila mtu 105,000, tunalala mzungu wa nne. Mmoja akipoteza kazi, watatu wanambeba. Wakishindwa kumbeba, geto zima liko nje.

Hili limetengenezwa na maamuzi ya watu. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za pango ilifutwa 2005. Mwaka 2021 serikali ikahamishia kodi ya majengo kwenye LUKU: sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda mpaka 1,500. Jengo la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Yaani hatuna hata tofali moja, na kodi ya jengo tunakatwa sisi.

Mtaniambia mwenye nyumba naye ana ada za watoto, wengine ni wastaafu wanaoishi kwa hiyo kodi. Kweli kabisa, na hatugombani nao. Tunachodai ni sheria: mkataba wa maandishi, kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, dhamana isizidi ya mwezi mmoja ili naye awe salama, na kodi ya majengo imfuate mwenye jengo.

Kuchangia chumba siyo aibu. Aibu ni kukaa wanne humo ndani, kila siku tunabishana Simba na Yanga, halafu mkutano wa mtaa ukiitishwa haendi hata mmoja. Nendeni na risiti zenu za LUKU. Mgombea akija kuomba kura mtaani kwenu, muulizeni kwanza: kodi ya miezi sita utaifanyaje? Akianza kuzungukazunguka, mmeshamjua.

Mapambano yanaendelea.