Uradi Unaokaa Nyumbani Mwako



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya darsa ya wanawake, akatuomba uradi. Tangu kumzaa mtoto wake wa tatu, alisema, moyo haumtulii. Nasi, bila ya kumuuliza analala saa ngapi wala anaamka mara ngapi usiku, tukampa ule tuliopewa na mwalimu wetu tulipokuwa vijana wa chuoni tusio na mke wala mwana: akae juu ya msala baada ya alfajiri mpaka jua lichomoze, alete istighfari 1,000 na salawati 1,000. Wiki ya tatu hatukumwona darsani. Tukaja kusikia kwamba akituona njiani hupinda uchochoro mwengine kwa haya. Uradi ulimshinda, naye akadhani Mola wake amemkataa.

Kosa lilikuwa letu. Twaliandika kwa kuwa twajua wako wengine wanaojificha kama yeye.

Bibi Fatima (R.A.) aliota malengelenge mikononi kwa kusaga, akaenda kumwomba baba yake mtumishi. Mtume (S.A.W.) aliwajia yeye na Sayyidna Ali usiku, wamekwisha kulala. Walipotaka kuinuka aliwaambia wakae vivyo hivyo, akawafundisha Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, wakati wa kulala. Mwanamke aliyechoka alipewa dhikri yake kitandani! Hakuamrishwa kutandika msala.

Wako ambao moyo wao huamka kwa sauti za wengi. Hao wakisikia Ratibu ya Imamu Haddad ikisomwa baada ya isha, machozi huwatoka. Wengine sauti huwatawanya, na hupata utulivu kwa kunong'ona peke yao. Wako pia ambao hesabu huwashughulisha wakasahau Anayetajwa. Hao nao waache hesabu pale ambapo sharia haikuiweka, wapande darini wakati wa magharibi waitazame mbingu; maana Surat Aal Imran imewasifu wanaomtaja Mwenyezi Mungu wakisimama, wakikaa na wakilala ubavu, kisha ikawataja kwa kuzitafakari mbingu na ardhi. (Wanaogombana kuhusu tasbihi ya shanga na vidole, vidole vina hadithi yake, na shanga wanazuoni wengi wameziruhusu. Tusipoteze alfajiri kwa hilo.)

Dada zetu wengi huacha kila kitu siku za hedhi, kisha huona taabu kurudi. Sala ndiyo iliyoondolewa siku hizo. Dhikri, salawati na dua hazikuzuiwa, wala hazihitaji udhu. Anayekuna nazi aweza kumsalia Mtume mpaka kifuu kibaki kitupu.

Basi mtu ajuaje kwamba uradi huu ni wake? Asitazame machozi, kwani machozi huja na kwenda. Atazame siku ya shughuli, mtoto ana homa na wageni wako sebuleni: je, siku hiyo aliurudia? Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Sisi tuliisoma hadithi hii utotoni, na tulimtwisha mama yule 2,000.

Mwishowe tulimtuma mama watoto ampelekee salamu na kumwomba radhi, amwambie pia aache yote tuliyompa, ashike tasbihi ya Bibi Fatima peke yake, kitandani. Baada ya siku kumi jawabu likaja: "Mwambie Sheikh nashukuru, lakini usiku mwingi usingizi hunichukua kabla sijazifikia takbira."

Tukamjibu alale.

Wabillahi tawfiq.