Kenya na Sisi: Tulinganishe Ili Tudai, Siyo Ili Tutambe

Tarehe 22 Agosti 2025 Kenya ilitolewa CHAN na Madagascar kwa penalti pale Kasarani, na siku hiyohiyo Taifa Stars ikafungwa bao moja na Morocco pale kwa Mkapa. Mashindano tuliyoyaandaa pamoja na Uganda yakatutoa wote wawili kwa mpigo. Ungetegemea watu wapeane pole. Thubutu! Kufika usiku, magrupu ya wanachuo yalikuwa yameshahama kutoka kwenye mpira kwenda kwenye ule ubishi wetu wa kudumu: kati ya Kenya na Tanzania, nani yuko juu? Huyu anabandika maghorofa ya Nairobi, yule anajibu kwa treni ya umeme ya Dodoma. Wao wanacheka Kiingereza chetu, sisi tunacheka Kiswahili chao.

Ubishi huu ni mkubwa kuliko umri wetu. Miaka ya 70, huku kwetu Wakenya walikuwa wakiitwa manyang'au, na wao wakatujibu kwamba sisi hatuna hata cha kung'ang'ania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Leo mpaka uko wazi, lakini utani ule unaweza kugeuka sera wakati wowote.

Sisemi tuache kulinganisha. Jirani ni kipimo kizuri kuliko Marekani au Ulaya: hali ya hewa yetu inafanana, historia ya kutawaliwa inafanana, uhuru tumeupata kwa kupishana miaka miwili. Jirani akiweza jambo fulani, serikali yetu haina pa kujificha kwamba haliwezekani Afrika. Ninachouliza ni hiki: tukishalinganisha, nani anafaidika na jibu?

Mfuko

Tuanze na pesa, maana ndiko watu wanakokimbilia. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, mwaka 2023 pato la taifa la Kenya lilikuwa kama dola bilioni 108 na la Tanzania kama bilioni 79. Sisi ni wengi zaidi: sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, yao ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Ukigawa kwa vichwa, Mkenya anapata kama dola 1,950 kwa mwaka na Mtanzania kama 1,200. Tusidanganyane, hapo wametuacha.

Lakini mwanachuo hapaswi kupokea namba kama anavyopokea uji. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa kupigia hesabu, na pato lake likaongezeka kwa asilimia 25 kwenye karatasi. Asubuhi yake hakuna mama lishe wa Nairobi aliyeuza sahani moja zaidi. Halafu namba hizi zinapimwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu 130. Je, Wakenya walifukarika Januari na kutajirika Aprili?

Kuna na upande wa madeni. Februari 2024 Kenya ililazimika kukopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa hati fungani ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Deni la namna hiyo halilipwi na maghorofa, linalipwa na kodi. Hapo ndipo ulipotoka Muswada wa Fedha wa 2024, ambao nitaurudia.

Kwa hiyo, jibu la mfuko ni kwamba Kenya ina kikubwa zaidi na kina matundu zaidi. Cha kwetu ni kidogo na kimefungwa vizuri kidogo. Ukitaka kutamba kwa hilo, sawa. Mimi sioni la kushangilia katika dola 1,200.

Maisha

Sasa njoo kwenye maisha yenyewe, hapa ndipo pananinyima usingizi. Ungefikiri nchi yenye pesa zaidi watu wake wanaishi zaidi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema kinyume: Mtanzania anatarajiwa kuishi miaka kama 67, Mkenya kama 63 na ushee. Kwa vifo vya uzazi, utafiti wetu wa afya wa 2022 ulikuta vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuta 556. Hata ukiitilia shaka kasi ya kushuka huko, kuna kazi imefanyika kwenye vituo vya afya, na wakunga wa wilayani wanastahili sifa kuliko msanii yeyote anayepewa bendera.

Usishangilie bado. Utafiti huohuo unasema watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wana udumavu, yaani ni wafupi kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Kenya, mwaka huohuo wa 2022, ni 18. Na wapi huku kwetu hali ni mbaya zaidi? Siyo mikoa ya ukame. Ni Iringa, asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa, kama nusu ya watoto. Mikoa inayolisha nchi! Mahindi yapo, viazi vipo, maziwa yapo. Mtoto anakula ugali mara tatu, mboga kidogo, na mama yuko shamba kuanzia alfajiri.

Mkenya asicheke. Kilifi, kaunti yenye fukwe za Malindi na Watamu ambako Wazungu wanaota jua, ina udumavu wa asilimia 37. Mtoto wa Kilifi yuko pabaya kuliko wastani wa Tanzania, na mtoto wa Iringa yuko pabaya kuliko wa Kilifi. Nani yuko juu hapo? Watoto hawa wawili wana mengi ya kulalamikia pamoja kuliko kila mmoja alivyo na la kujivunia kwa mji mkuu wake. Wastani wa nchi unawafuta wote wawili, na sisi tunaobishana kwa wastani tunasaidia kuwafuta.

Umeme nao uko hivyohivyo. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, mwaka 2022 Wakenya kama watatu kati ya wanne walikuwa na umeme. Sisi hatukufika nusu. Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na laini ya kilovolti 400 inatuunganisha na Kenya kutoka Singida hadi Isinya. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vimefikiwa. Vizuri. Ila kijiji kufikiwa siyo nyumba kuwaka taa. Mimi natoka Rombo, na najua nyumba ambayo nguzo imesimama uani na ndani wanasomea tochi ya simu, kwa sababu hela ya kutandaza nyaya ndani haijapatikana.

Nguvu

Kwenye nguvu ndiko tunakotunishiana misuli zaidi. Kenya ina makao ya Umoja wa Mataifa Nairobi, imepeleka wanajeshi Somalia na polisi Haiti, na Juni 2024 Marekani iliipa hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Sisi tuna historia nzito: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963, na tulimng'oa Idi Amin mwaka 1979. Uganda ilipotafuta njia ya bomba lake la mafuta, mwaka 2016 ilichagua Tanga, siyo Kenya.

Haya, tumehesabu. Lakini nguvu ya nchi kwa mwanachuo ni nini hasa? Kwangu mimi ni uwezo wa mtu wa kawaida kusema hapana, na hapana yake ikasikika bila kuzikwa naye.

Kwa kipimo hicho Kenya ina la kutufundisha na la kutuonya. Juni 2024 vijana wa rika letu walisoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauelezea kwa video, wakatoka barabarani. Tarehe 25 waliingia bungeni. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatausaini. Lakini makumi ya watu waliuawa katika maandamano yale. Na hatujasahau kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya Wakenya 1,100 walikufa, wengi kwa sababu ya jina la ukoo tu. Mtanzania akisema sisi hatuulizani kabila, hasemi jambo dogo.

Ila amani isiwe kisingizio cha kutouliza. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa na makato ya marejesho ya mkopo wa elimu ya juu yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Waliokwisha kusaini kwa masharti ya zamani nao wakaingizwa humo. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondoka mwaka 2021 kwa tamko la Rais. Tulishukuru, na mimi nilishangilia. Lakini angalia kilichotokea Kenya: mfumo mpya wa kugharamia vyuo ulipoletwa mwaka 2023, mashirika ya kiraia yaliupeleka mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, kesi ikaendelea. Tofauti ninayoiona ni kwamba wao walibishana na serikali yao kwa vifungu, sisi tulisubiri huruma.

Anayelipa gharama ya kutamba

Mtu atasema huu ni utani wa majirani, una ubaya gani? Ubaya upo. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Januari 2024 tulitishia kuzuia ndege zao za abiria kwa ugomvi wa ndege za mizigo. Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, uwakala wa fedha kwa simu na kununua mazao shambani.

Naelewa hoja ya amri ile. Kijana wa Kariakoo anaona mgeni amefungua biashara ambayo yeye angeiweza kwa mtaji mdogo, na hasira yake ni halali. Pia madalali wanaolipa mkulima kiduchu wapo, wa ndani na wa nje. Lakini muulize mkulima wa machungwa Muheza au wa vitunguu Mang'ola: akibaki na mnunuzi mmoja badala ya wawili, bei inapanda au inashuka? Kwetu Rombo ukienda gulioni Loitokitok unasikia Kichaga, Kimaasai na Kikamba kwenye meza moja. Mama anayeuza ndizi pale hana muda wa kujua nani yuko juu. Anajua tu kwamba kila nchi mbili zikitunishiana vifua, kinachozuiwa barabarani ni tenga lake.

Na wanaotamba zaidi wanajua wanachofanya. Ukilalamika bei ya mafuta, unaambiwa angalia Kenya wanavyolia. Mkenya akilalamika kubanwa, anaambiwa kwa majirani ni kubaya zaidi. Kila serikali inachagua kidonda cha jirani cha kuwaonyesha watu wake. Nyani haoni kundule, lakini hapa nyani analiona vizuri sana, anachotaka ni sisi tuangalie la mwenzake.

Tudai nini?

Basi tugeuze kipimo. Badala ya kuchukua udhaifu wa Kenya ili tujisikie vizuri, tuchukue wanachotuzidi tuulize kwa nini. Kwa nini udumavu wao ni 18 na wetu 30, na mpango wa Iringa ni upi, kwa bajeti gani, hadi mwaka gani? Kwa nini nguzo imefika uani na taa haijafika chumbani? Mkenya naye aulize kwa nini sisi tunaishi miaka mitatu zaidi kwa pato dogo kuliko lake.

Na tuanze na tunachokijua. Bumu letu ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022. Ukimwambia mwanachuo wa Nairobi namba hiyo anashtuka, mpaka umweleze kwamba ni kama shilingi 500 za kwao. Baada ya hapo mazungumzo yanakuwa ya maana: chumba kinakula kiasi gani, sahani inakula kiasi gani, riba ni ngapi, ukikosa ajira miaka mitatu mtaani wanakufanyaje?

Pendekezo langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kama mwaka huu lipo fungu la ziara, msiende kupiga picha. Chukueni mkataba wa HESLB, wenzetu wa Nairobi wachukue wa HELB, mkae meza moja, mlinganishe kifungu kwa kifungu, kisha kila upande urudi kwao na orodha ya mambo ambayo jirani ameyaweza. Orodha hiyo ichapwe humuhumu kwenye gazeti hili, na nakala ipelekwe kwa Waziri wa Elimu ikiwa na muhuri wetu na tarehe ya kutaka majibu.